Siku nane na kipande cha babu: Muheza hadi Manyovu

Nimerudi Muheza wiki tatu zilizopita. Daftari nililoandikia limelowa mawese kurasa za mwisho, kwa hiyo baadhi ya saa na bei nimezikumbuka kwa msaada wa picha za simu. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, ambaye alikubali kuja kwa sharti kwamba nimlipie chakula. Kama ningejua anavyokula ningekwenda peke yangu.

Jumamosi, 14 Juni 2025. Muheza

Ukoo wetu unaitwa Kasulu, jina la mji wa mkoani Kigoma. Jina la kwanza la babu mzaa babu yangu alipewa na mwalimu wa madrasa aliyemsilimisha, na hilo la pili alipewa na karani. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Tumekua tukiambiwa sisi Waha, mzee alitoka Kigoma akaja Tanga kukata mkonge, basi. Ukiuliza zaidi unaambiwa nenda kachote maji.

Bibi ndiye binti yake wa mwisho aliye hai, kazaliwa 1954 kwenye laini za shamba, zile safu za vyumba vya vibarua. Asubuhi ile alinitolea bati la biskuti, ndani nailoni, ndani ya nailoni kipande. Ni kadi ya rangi ya chai ya maziwa, imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuwa matundu. Ina visanduku 30. Kila ulipomaliza ngwe yako, siku yako ilitiwa alama, na mshahara haukuhesabiwa kwa tarehe za mwezi bali kwa visanduku: hadi 30 vijae. Ukiumwa leo, leo haipo. Kwenye kadi ya babu vimejazwa 23 kwa wino wa zambarau. Vile saba vitupu nimevitazama kuliko vilivyojazwa. Bibi anadhani ni ule mwezi mwiba wa jani ulipomwingia mguuni. Juu kuna namba, na pembeni ya namba neno moja: KASULU.

Vibarua hao wa mkonge ndio waliitwa manamba, watu wa namba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya mipaka, kwa sababu wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miba. Mkonge wenyewe nao ulikuja kama babu, kwa kusafirishwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Sisi huku tunacheka kwamba waliobaki njiani hawakuandikwa popote, miche wala watu.

Jioni tulikwenda shambani alikofanyia kazi, kati ya Muheza na Korogwe. Korona, mashine ya kusindika majani ya mkonge, imeondolewa, limebaki jukwaa la saruji ambalo watoto wanalitumia kuanikia mahindi. Laini mbili bado zina watu. Mzee mmoja aliyekuwa akisokota kamba ya singa mlangoni alituonyesha chumba: hatua nne kwa tatu, dirisha dogo kama la banda la kuku. Watoto sita walilelewa humo.

Kabla ya kulala Bibi aliniita tena. Akasema baba yake, akirudi mchana kutoka kwenye mkonge, majani aliyokata yakiwa yamefungwa 30-30 na kuachwa kando ya reli ya kitoroli, alikuwa akisimama mlangoni na kusema "Mwiriwe". Ndiyo neno pekee la kwao alilowaachia. "Kalipeleke," akasema, kana kwamba ni barua.

Jumapili, 15 Juni. Muheza – Morogoro

Basi la saa kumi na mbili liliondoka saa moja na nusu. Baada ya Segera barabara ni nzuri, Kabuku ikapita, Mkata ikapita, halafu kabla ya Mbwewe tairi la nyuma likapasuka. Jeki ya basi ilikuwa mbovu. Jina la kampuni nalihifadhi, ila saa mbili na robo tulikaa chini ya mwembe tukimtazama utingo akisimamisha malori. Dereva wa lori la saruji ndiye aliyetoa jeki yake, akakataa hela, akachukua chungwa moja kutoka kwa mdogo wangu na kuondoka.

Pale chini ya mwembe ndipo nilipoelewa jambo moja. Siku zote nilifikiri babu alipanda treni Kigoma akashuka Korogwe. Haiwezekani. Reli ya Kati na reli ya Tanga ziliunganishwa 1963, Ruvu hadi Mnyusi. Alipokuja yeye kipande hicho cha reli hakikuwepo, kwa hiyo huku mwisho lazima alipakiwa kwenye lori. Bibi amewahi kusema baba yake hakupenda harufu ya petroli mpaka anakufa. Tulidhani ni ukorofi wa uzee.

Morogoro tulilala gesti ya 20,000 karibu na Msamvu. Maji ya moto kwa ndoo.

Jumatatu, 16 Juni. Morogoro – Dodoma

Treni ya umeme, chini ya saa mbili, sina la kusimulia zaidi ya kwamba mdogo wangu alilala yote. Kwa watakaofuata: beba kitambulisho halisi, si picha ya kwenye simu, na fika mapema kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege. Stesheni hizi mpya ziko mbali na katikati ya mji, hivyo weka akiba ya bodaboda. Na usifikiri ukishafika Dodoma utaunganisha moja kwa moja hadi Kigoma. Kutoka hapo unahamia treni ya zamani ya reli nyembamba, stesheni nyingine kabisa, na siku zake si kila siku. Ulizia ratiba kabla hujaondoka nyumbani, kisha uliza tena.

Tulipanda usiku, daraja la pili kulala. Chumba chetu cha behewa kilikuwa na watu sita, begi za nguo za mitumba na kuku wawili ambao hawakuwa na tiketi.

Jumanne, 17 Juni. Ndani ya treni

Reli hii Wajerumani waliianza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, kilomita 1,252. Nimezijua namba hizo tangu shule, nawafundisha watoto. Kuzipanda ni kitu kingine. Kutoka Dodoma hadi Kigoma bado zimebaki karibu 800, na treni hii haina haraka na mtu.

Itigi tulinunua asali kwenye chupa ya maji. Kila stesheni ndogo ina kitu chake, na akina mama wanajua sekunde ngapi treni itasimama: hela inapanda dirishani, karanga zinapanda, chenji inatupwa wakati gurudumu limeshaanza. Mdogo wangu alipoteza 2,000 kwa namna hiyo stesheni moja, na stesheni iliyofuata kijana alikuja akikimbia kando ya behewa akiita "Shati jekundu! Shati jekundu!" Yule mama alikuwa amempigia simu ndugu yake wa mbele amrudishie chenji. Mpaka leo sijui alimwelezaje.

Tabora tulikaa muda mrefu. Hapo treni hugawanywa, mabehewa ya Mwanza yanakwenda kaskazini na ya Kigoma yanabaki. Ukishuka kunyoosha miguu hakikisha unajua namba ya behewa lako, kwa maana ukirudi huenda liko upande mwingine. Nilinunua wali na maharage kwa 3,000 nikala nimesimama, nikajaribu kumwona kijana mwenye blanketi begani akipita hapa kuelekea upande niliotoka. Bibi anasema walipewa blanketi moja na fulana moja kila mtu, na kwamba baba yake alipimwa uzito kama mbuzi. Hakulalamikia kupimwa. Alilalamika kwamba aliyepima hakumwambia kilo zake.

Baada ya Kaliua giza, pori, na mtu wa kitanda cha juu aliyekoroma kwa mpangilio.

Jumatano, 18 Juni. Uvinza – Kigoma

Alfajiri Uvinza, mji wa chumvi. Chumvi yake ilifanyiwa biashara tangu kabla ya reli na kabla ya misafara ya pwani. Nilinunua pakiti ya kumpelekea Bibi kwa sababu sikujua ninunue nini kingine.

Kigoma treni inashuka mpaka unaliona ziwa ghafla, kubwa kuliko ulivyolitegemea hata kama umeshaambiwa ni kubwa. Jengo la stesheni ni la Wajerumani, jeupe, na mbele yake barabara inapanda kilima. Tulioga, tukala ugali wa muhogo na migebuka iliyokaangwa kwa mawese, 5,000 sahani. Mdogo wangu alikula sahani mbili. Ninataja kwa kumbukumbu za hesabu.

Mchana tulilala.

Alhamisi, 19 Juni. Kigoma – Kasulu

Gari dogo la abiria, watu kumi na wanne katika nafasi za kumi. Lami nzuri, milima ya kijani, migomba. Njiani kuna vizuizi ambapo mnaulizwa vitambulisho, kwa kuwa mpaka uko karibu na kambi za wakimbizi ziko huku, Nyarugusu ikiwa kubwa ya zote. Ni kawaida, usiogope, ila usisafiri mkoa huu bila kitambulisho cha taifa.

Afisa alikitazama changu, akanitazama mimi.

"Unaitwa Kasulu."

"Ndiyo, afande."

"Unakwenda Kasulu."

"Ndiyo."

"Umezaliwa Muheza."

Gari zima likaanza kutabasamu. Akaniuliza kabila, nikasema Muha. Akasema, haya, salimia watu kwa Kiha. Nikasema neno pekee nililonalo: "Mwiriwe."

Kimya kidogo. Halafu mama mmoja nyuma yangu, mwenye kikapu cha maparachichi mapajani, akasema kwa sauti ya mwalimu: "Mwi*di*we! Sema mwi*di*we!" Gari likalipuka kwa kicheko, afisa naye akacheka, akanirudishia kitambulisho: "Nenda kajifunze kwenu."

Kuanzia hapo sikuwa abiria, nilikuwa burudani. Kila mtu alitaka kujua mtu anaitwaje Kasulu. Ni sawa na mtu wa kwetu aitwe Muheza bin Muheza. Lakini yule mama wa maparachichi hakucheka muda mrefu. Alitaka kukiona kipande. Nilimpa nakala (cha asili nilimwachia Bibi, nanyi fanyeni hivyo hivyo), akaisoma pande zote mbili, kisha akasema: "Mwalimu, msilale gesti kwanza. Baba mkwe wangu alikuwa kijana miaka hiyo. Twende nyumbani."

Tulikwenda. Nauli ya bodaboda alilipa yeye, tulipopinga akatuuliza kama kwetu Tanga mgeni hulipa.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mparachichi, koti la sufu limefungwa vifungo vyote. Tukampa shikamoo, akatuitikia, akatushika mikono muda mrefu bila kuiachia. Kipande hakukisoma, macho yamekwisha. Alikipapasa, akakihesabu kwa kukipima na kidole gumba, ingawa ni karatasi ya fotokopi tu na hakuna cha kuhisi. "Ndicho," akasema. "Kaka yangu alikuwa nacho."

Akatueleza mambo ambayo sikuyapata kwenye kitabu chochote. Kwamba enzi za Mwami (chifu) Theresa Ntare, watu wa kuajiriwa walikuwa wakikusanyika mjini Kasulu kungoja kupelekwa Kigoma kwenye treni. Kwamba huku Manamba lilikuwa jina la mahali: fulani kaenda Manamba, fulani karudi Manamba na baiskeli, fulani Manamba ilimla. Na kwamba foleni ile haikuwa ya Waha watupu. Upande wa pili wa mpaka, Urundi, ndiyo Burundi ya leo, Mbelgiji alikuwa na kodi, na kazi za lazima, na kiboko. Watu walivuka usiku. "Karani akikuuliza unatoka wapi," mzee akasema, "ukitaja Urundi, maswali. Ukitaja Kasulu, anaandika."

Nikamwambia neno la Bibi. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akamwita mjukuu, akamwita na jirani, nikarudia mbele yao wote kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwiriwe," mzee akasema polepole, akiionja ile r. "Sisi ni mwidiwe."

Mdogo wangu aliacha kutafuna.

Ijumaa, 20 Juni. Kasulu

Tulilala kwa mzee. Usiku sikulala. Nilikuwa nikifikiria yule afisa wa jana na jibu nililompa bila kupepesa macho, na nikafikiria miaka yote ambayo babu alijibu hivyo hivyo, kwa nyapara, kwa jirani, kwa watoto wake mwenyewe. Wanawe walizaliwa Muheza, wajukuu Muheza, sisi Muheza, hakuna wa kutuuliza. Lakini yeye hakujua kama hataulizwa.

Asubuhi mzee alinipunguzia wasiwasi. Neno moja si ushahidi kwamba babu yenu alitoka Urundi, akasema. Bibi yenu alilisikia akiwa mtoto, na leo ni mtu mzima wa Tanga mwenye ulimi wa Tanga. Tena watu wa kule Manyovu, mpakani na Burundi, husemezana na wenzao wa ng'ambo kutwa nzima, lugha zenyewe ni ndugu, herufi zinapita mpakani bila pasipoti. Huenda alikuwa Muha wa mpakani. "Nendeni Manyovu mkasikilize," akasema.

Baada ya swala ya Ijumaa tulizunguka mji. Nilipiga picha kibao cha "Karibu Kasulu" nikiwa nimesimama chini yake. Watu wa nyumbani wameipenda hiyo kuliko zote.

Mama wa maparachichi alitupikia maharage kwa mawese na ndizi. Tulipomwachia hela ya sukari aliichukua, akaongeza yake, akamtuma mtoto akanunue dumu la mawese la lita tano tumpelekee Bibi.

Jumamosi, 21 Juni. Manyovu

Kutoka Kasulu barabara inapanda na kushuka kwenye milima ya Buhigwe, hewa ya baridi. Tulivaa nguo zote tulizokuwa nazo. Anayetaka kuvuka hadi Mugina upande wa Burundi awe na pasi au hati ya safari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi hatukuwa navyo, kwa sababu tulipoondoka nyumbani tulikuwa Waha.

Tulifika sokoni saa nane mchana. Wauzaji wa pande zote mbili wamekaa safu moja na hutawatofautisha kwa macho. Hela za nchi zote mbili zinapita mkono kwa mkono, na kila mtu anajua viwango kichwani. Nilisikiliza kama nilivyoagizwa. Nilisikia mwidiwe. Nilisikia mwiriwe. Nilisikia pia kitu cha katikati, ulimi ukigusa tu na kuondoka, na hapo nikajua mzee alinituma makusudi.

Karibu na mwisho wa safu alikuwepo bibi mmoja mwenye vikapu vya ukili, kimoja kikubwa na vingine vidogo ndani yake, kimoja ndani ya kingine. Umri wake kama wa Bibi. Nilichuchumaa nikamsalimia: "Mwiriwe."

Akaitikia. Kisha akaendelea, sentensi ndefu, akaongeza nyingine, akaningoja. Nikabaki nimetoa macho. Akarudia kwa sauti ya juu, kama vile tatizo ni masikio yangu. Kijana wa viatu aliyekuwa jirani yake ndiye aliyetafsiri.

"Anauliza wewe ni mtoto wa nani."

Nikasema, Kasulu. Kijana akampelekea. Bibi akatikisa kichwa, akasema maneno mawili matatu.

"Anasema hapo ni mahali. Anauliza mtu."

Nilinunua kikapu, 4,000. Sikuomba anipunguzie.

Kurudi

Basi kutoka Kigoma, usiku na mchana na sehemu ya usiku mwingine, kisha basi jingine. Chukua kiti cha mbele ya gurudumu la nyuma na ubebe maji. Dumu la mawese lililegea kizibo mahali fulani baada ya Singida na kuloesha begi, daftari na nakala ya kipande, ambayo sasa ina rangi ya machungwa na unaweza kuona upande wa pili. Safari nzima, watu wawili, pamoja na kula kwa mdogo wangu, ilikwenda kwenye laki sita na nusu.

Bibi alipokea kikapu, chumvi na mawese yaliyobaki, kama lita tatu. Nilimsimulia yote, la mzee, la foleni, la ile r. Alisikiliza akiwa anapanga vitambulisho vyake kwenye mkoba, na nilipofika kwa yule bibi wa sokoni akasimamisha mikono.

"Ulimjibu nini?"

"Kasulu."

Akaingiza kipande kwenye nailoni, nailoni kwenye bati. Baadaye jioni, akikaanga samaki kwa yale mawese, nilimsikia jikoni akijisemea lile neno, mara kwa d, mara kwa r, akijaribu ipi inakaa vizuri mdomoni.